Nilivyowauzia Watu wa Moshi Maziwa Meupe

Ninafuga ng'ombe wachache wa maziwa Kibosho, kwa mtindo wa wengi wa huku mlimani: ng'ombe hukaa bandani mwaka mzima, nasi ndio tunaompelekea matete, majani ya migomba na mabua yanayopandishwa kutoka tambarare. Maziwa nayauza Moshi mjini, nyumba kwa nyumba, katika mitaa ya Majengo na Pasua. Kazi iliyonichosha kuliko kukamua ilikuwa kushughulika na imani za wateja kuhusu maziwa, ambazo baadhi zilikubali kuondoka na nyingine nilizizunguka tu.

Imani iliyonigharimu fedha ilihusu rangi. Nilipoongeza ng'ombe wa aina ya Friesian katika banda lililokuwa na wa aina ya Jersey peke yake, wateja waliona maziwa yamekuwa meupe wakahitimisha kwamba nayachakachua kwa maji. Rangi ya manjano hutokana na karotini iliyomo katika majani mabichi, nayo huonekana zaidi katika maziwa ya Jersey, ambayo huwa na mafuta karibu asilimia 5, kuliko ya Friesian yenye asilimia 3.5 hivi, na wakati wa kiangazi, ng'ombe anapokula mabua makavu, hata maziwa ya Jersey hupauka. Maelezo hayo hayakumshawishi mtu, wala sikushangaa, kwa kuwa muuzaji anayejitetea ni vigumu kuaminiwa. Nikanunua laktomita, kifaa kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wake, pamoja na silinda yake, nikaanza kuvibeba pamoja na keni, na kila mwenye shaka akawa anaitumbukiza mwenyewe na kuisoma kwa macho yake.

Maziwa halisi yenye nyuzijoto 20 husoma kati ya 28 na 32, yaani lita moja ina uzito wa kilo 1.028 hadi 1.032, na yakitiwa maji hata kufikia asilimia 10, kipimo hushuka kwa takriban alama tatu. Hata hivyo, maziwa yaliyotoka kukamuliwa, yakiwa bado na joto na mapovu, husoma chini hata kama hayakuguswa na tone la maji, na kwa sababu hiyo huyapoza kwanza na kuyapima saa chache baadaye. Liko jambo jingine ambalo sisi wauzaji hatupendi kulitaja. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo anayeengua krimu hupandisha kipimo, na akiongeza maji kidogo kipimo hurudi pale pale panapotakiwa, mteja akaondoka ameridhika na ameibiwa mara mbili. Niliwaeleza hilo waziwazi, nikawashauri waache maziwa mabichi kidogo katika glasi mahali penye baridi usiku kucha, waone krimu ikipanda juu. Malalamiko yakapungua sana, isipokuwa kwa mzee mmoja wa Pasua ambaye hadi leo hataki kusikia habari za Friesian. Yeye namwekea ya Jersey.

Laktomita haikunisaidia kwa wale wanaoamini kwamba maziwa mabichi yana nguvu zaidi na kwamba kuyachemsha huua virutubisho. Protini na kalsiamu hubaki. Kinachopungua ni baadhi ya vitamini, kama vitamini C, ambayo hakuna anayeitegemea kutoka kwenye maziwa. Kwa upande mwingine, brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, na kifua kikuu cha ng'ombe hupita katika maziwa mabichi, na ng'ombe mwenye brusela anaweza kuonekana mzima kabisa. Viwandani maziwa hupashwa hadi nyuzijoto 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa dakika 30. Nyumbani, yakichemka inatosha. Kugandisha peke yake si kinga, na ndiyo maana mtindi wangu huanzia kwenye maziwa yaliyochemshwa na kupoa, ndipo natia mtindi wa jana. Kijana mmoja wa kunyanyua vyuma aliponiambia anayanywa mabichi pamoja na mayai mabichi (na hayo mayai ni ugomvi mwingine), nilikataa kumuuzia. Akahamia kwa muuzaji mwingine.

Wapo waliolalamika kwamba maziwa ya ng'ombe wa kisasa huvuruga tumbo kwa sababu ya dawa wanazodungwa. Watu wazima wengi duniani hawameng'enyi vizuri laktosi, sukari ya maziwa, awe ng'ombe wa kisasa au wa kienyeji. Hao niliwahamishia kwenye mtindi, ambao bakteria wake wamekwisha kuila sehemu ya sukari hiyo, na wengi waliendelea nao. Lakini hofu ya dawa ina msingi wake. Ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibayotiki, maziwa yake namwaga mpaka muda ulioandikwa kwenye dawa uishe, na daftari la matibabu yuko huru kuliona yeyote anayeuliza.

Imani iliyonishinda ni ile ya maziwa kukata sumu. Mafundi rangi na wapuliziaji wa dawa za nyanya hununua nusu lita baada ya kazi, ilhali sumu hiyo huingia kwa pumzi na kwa ngozi, na maziwa huishia tumboni. Ya mtoto aliyekunywa mafuta ya taa ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu akinyweshwa maziwa anaweza kutapika, na mafuta yakaingia kwenye mapafu. Nilipomweleza mama mmoja wa Majengo, alinijibu kwamba bibi yake aliwanywesha wote na wako hai. Sikubishana. "Sawa mama," nilimwambia, "ila usimnyweshe wala usimtapishe, mkimbize hospitali." Mafundi bado wananunua, nami nawauzia kama chakula, barakoa na glavu nawaambia wakazitafute dukani.