ESLint au Prettier: Zana Mbili, Kazi Mbili

Anayeanzisha mradi wa JavaScript mara nyingi huuliza achague ESLint au Prettier, kana kwamba zana hizo zinagombea kazi moja. Kwa maoni yangu hazigombei, na vurugu nyingi ninazoziona katika miradi hutokana na kumpa mkaguzi wa msimbo, yaani ESLint, kazi ya mpangaji, yaani Prettier.

Prettier, iliyotolewa na James Long mwaka 2017, husoma msimbo, huujengea mti wa kisintaksia (muundo unaoonyesha jinsi sehemu za msimbo zinavyohusiana), hutupa karibu mpangilio wote aliouweka mwandishi, kisha huuandika upya kwa kuzingatia upana wa mstari, ambao usipobadilishwa ni herufi 80. Haijui kama kigeu fulani kimetumika, wala haijali. ESLint, iliyoanzishwa na Nicholas Zakas mwaka 2013, nayo hujenga mti wa aina hiyo, lakini huupitia ikitafuta makosa: kigeu kilichotangazwa na kusahauliwa, alama moja ya usawa ndani ya sharti la "if" inayobadili thamani badala ya kuilinganisha, au, ukiiongezea kanuni za kifurushi cha typescript-eslint, fankisheni inayorudisha ahadi (Promise, yaani matokeo yatakayokuja baadaye) ambayo hakuna aliyeisubiri. Kosa hili la mwisho pekee linatosha kunifanya nisikubali mradi usio na mkaguzi, kwa sababu programu huendelea kama vile data imekwisha kuhifadhiwa, na hitilafu ikitokea haishughulikiwi mahali ilipotarajiwa.

Mkanganyiko una historia yake. Kwa miaka mingi ESLint ilikuwa pia na kanuni za nafasi, nukta mkato na alama za kunukuu, hivyo aliyeweka zana zote mbili aliona moja ikipanga na nyingine ikilalamikia mpango huo huo. Kifurushi cha eslint-config-prettier kipo ili kuzima kanuni zinazogongana. Mwaka 2023 wasimamizi wa ESLint waliamua kuachana na kanuni hizo za mwonekano, zikaendelezwa katika mradi wa ESLint Stylistic. Uamuzi mzuri, ingawa ulichelewa.

Katika mradi wa zamani ningetanguliza mpangaji, kwa kuwa hakusudiwi kubadili utendaji wa programu na anaweza kupita faili zote kwa mara moja. Badiliko hilo liwekwe peke yake katika Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo, na utambulisho wake uandikwe kwenye faili la .git-blame-ignore-revs, ambalo git blame, amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari, itaelekezwa kulisoma, la sivyo kila mstari utaonekana umeandikwa na aliyeendesha Prettier. Mkaguzi afuate na kanuni chache zinazozuia kabisa msimbo kupita, maana maonyo yasiyozuia chochote huzoeleka upesi.

Zana mpya kama Biome, na Ruff kwa upande wa Python, huunganisha kazi zote mbili, lakini hata Ruff ina amri mbili, "check" ya kukagua na "format" ya kupanga. Ya kwanza, inapotumika kurekebisha makosa, itangulie, kwa kuwa marekebisho yake yanaweza kuacha msimbo unaohitaji kupangwa tena.