Mafaili ya wenzangu yanapita kwangu

Tangu nianze kazi ya rasilimali watu hapa Dar, kilichonijenga kuliko cheti ni kufunga mdomo. Mishahara, barua za onyo, vyeti vya daktari, vyote vinapita mezani kwangu. Unakula mchana na mwenzako huku ukijua mkataba wake hautaongezwa. Humwambii, wala uso hauonyeshi, mpaka barua itoke rasmi. Jamani, hilo ni gumu, tusidanganyane.

Lingine ni kuijua sheria yenyewe. Dada mmoja wa stoo (ameniruhusu kusimulia) alikuja ananong'ona, anaogopa kuomba likizo ya uzazi kwa sababu bosi wake kanuna. Nikafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, nikamwonyesha kwa kidole: siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua mapacha. Kisha nikaongea na bosi wake faraghani, kwa heshima, kifungu kikiwa wazi mbele yetu. Fomu ikasainiwa siku hiyo hiyo.

Vijana mnaoingia fani hii, anzeni na sheria hiyo. Na simu ya ofisini ikiita mkiwa kwenye daladala, shukeni kwanza ndipo mzungumze.