Kamba ya babu

Leo nimeingia duka la vifaa hapa Ngamiani kutafuta kamba ya kufungia mbuzi. Muuzaji kanipa ya nailoni. Nikaulizia ya katani, akasema hana. Tanga hii jamani! Babu alikata mkonge, mmea unaotoa katani, kule Muheza, viganja vyake vilikuwa na makovu ya miiba mpaka tunamzika. Na mkonge wenyewe asili yake Mexico. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta mwaka 1893, ikasalimika miche 62 tu. Mwaka 1964 tulizalisha tani zaidi ya 200,000, kisha nailoni za viwanda vya ng'ambo zikaangusha bei, mashamba yakageuka vichaka. Utandawazi ninaoujua mimi ndio huo: ulimpa babu kazi, ukaja kumnyang'anya. Nimezunguka hadi nimeipata ya katani. Inanukia kama koti lake.