Plasta ya Lodwar na taya la Lomekwi

Kutoka Goma hadi Kampala, na Kampala hadi Kitale, ni barabara tu. Cha kuandika kinaanzia Lodwar, kaskazini mwa Kenya. Kitanda kilitozwa kama cha hoteli ya kando ya Ziwa Kivu, bila hata feni, na duka moja likatuuzia kwa bei ya kuumiza mfuko wa plasta, unga wa jasi wa kufunikia mifupa ya kale tunayochimba, uliokwisha kunywa unyevu.

Huko Lomekwi, eneo la visukuku magharibi mwa Ziwa Turkana, taya la nguruwe wa kale lilikuwa limejitokeza mtelemkoni. Nguruwe ni shahidi mzuri: jino lake la mwisho lilizidi kurefuka zama hadi zama, hivyo husaidia kukadiria umri wa tabaka. Mfupa wenye nyufa haunyanyuliwi hivi hivi. Unapigwa brashi, kisha unanyweshwa gundi ya Paraloid B-72 iliyoyeyushwa katika asetoni, nyepesi, ipate kupenya. Kazi hiyo ni ya alfajiri. Jua likikolea asetoni huruka upesi, gundi ikaganda juu na ndani mfupa ukabaki unga. Halafu unachimbiwa mtaro pande zote, unafunikwa karatasi ya choo iliyoloweshwa ili plasta isishikane nao, ndipo vifuate vipande vya gunia vilivyochovywa.

Plasta isiyoharibika hukaza kwa dakika chache na kupata joto. Ile ya Lodwar ilibaki uji. Tulipopindua, upande mmoja ukabomoka, meno yakamwagika.

"Mzee, usikanyage hapo!" kijana wa Kiturkana akanizuia.

Mchana wote ukaishia kwenye chekeche la milimita moja. Jino la mwisho halikuonekana, na bila hilo taya haliwezi kupewa spishi kwa uhakika.

Hata penye fuvu zima mabishano hayaishi. Fuvu la kiumbe wa ukoo wa binadamu, lenye namba KNM-WT 40000, liliokotwa Lomekwi mwaka 1999; mwaka 2001 mtafiti wa visukuku Meave Leakey na wenzake wakalipa jina la spishi mpya, Kenyanthropus platyops, umri miaka milioni 3.5. Nyufa zake zilijaa mwamba, na mwaka 2003 mtafiti mwingine, Tim White, akahoji kama uso ule bapa ni wa kiumbe mwenyewe au umepindishwa na nyufa. Jibu hutafutwa kwa kulipima upya fuvu lenyewe, nalo limehifadhiwa Nairobi.

Hapo niliwaza nyumbani. Mfupa wa Ishango, wenye mistari iliyochongwa, ulifukuliwa mwaka 1950 na mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin kando ya mto Semliki, mkoani kwetu Kivu Kaskazini. Uko Brussels. Mwanafunzi wa Goma anayetaka kuupima aanze na viza. Mwenzake wa Lodwar anakata tiketi ya basi.