Herufi kumi mgongoni

Leo Jumapili sijafungua duka. Nimekaa na chai ya tangawizi, na bado namfikiria yule kijana.

Aliingia saa tano asubuhi, akaiweka jezi mezani hata kabla ya salamu. "Dada, nitolee hili jina."

Sikuuliza kwa nini. Tangu jioni ya jana yake simu za watu wote Kariakoo zilikuwa na habari moja tu: Mohamed Hussein "Tshabalala", nahodha wetu wa Simba, amesaini kwa watani wetu Yanga. Niliigeuza jezi. Nyekundu, namba 15, na juu yake TSHABALALA, kwa mkono wangu mwenyewe. Najua kazi yangu nikiiona.

Nabandika majina kwenye jezi tangu mwaka 2017. Kwa anayefanya kazi hii, wachezaji unawajua kwa herufi. Jina la Bocco ni dakika moja. Jina la Kapombe halisumbui. Tshabalala ni herufi kumi, nne kati ya hizo ni A, na kwenye jezi ya mtoto lazima uzibane zisikimbilie kwapani. Wiki za mechi kubwa nilikuwa nakesha nikikata A peke yake, maana ndizo zinazoisha kwanza. Mwenyewe wala hakuzaliwa na jina hilo. Ni jina la utani, la yule Siphiwe Tshabalala wa Afrika Kusini aliyefunga bao la kwanza la Kombe la Dunia 2010 kwa guu la kushoto. Wengine humwita Zimbwe Jr. Dukani kwangu watu walitaka Tshabalala, urefu wote huo, na walilipia kila herufi.

Kutoa jina si kama kulibandika. Unaipasha mashine, unaibana jezi sekunde chache, gundi ikilainika unavuta herufi pembeni kwa kucha ikiwa bado ya moto. Ukisubiri ipoe, inakatika vipande. Niliitoa T, nikatoa S, nikaenda hivyo mpaka A ya mwisho. Kijana alisimama kimya, mikono mifukoni. Nilipomaliza nikafuta gundi iliyobaki, nikamgeuzia aone.

Jina lilikuwa palepale. Jezi ilikuwa imepigwa jua na sabuni, wekundu wake umepauka, lakini chini ya herufi kitambaa kilikuwa bado kibichi kama siku ya kwanza. TSHABALALA ilisomeka kwa wekundu uliokolea kuliko jezi yenyewe.

"Haitoki?" akauliza.

"Itapauka, kaka, ila itachukua muda."

Akaichukua, akalipa, akaondoka. Nilimwona kwenye kona anasimama, anaikunja upande wa mgongo uende ndani, kisha anaitia kwenye mfuko wa rambo.

*

Mchezaji kuhama kutoka Msimbazi, kwetu Simba, kwenda Jangwani, kwao Yanga, si jambo jipya. Kutoka makao makuu ya klabu moja hadi ya nyingine ni mwendo wa miguu. Kelvin Yondani alivuka mwaka 2012. Haruna Niyonzima alivuka kuja kwetu mwaka 2017, na mwaka huohuo Ibrahim Ajibu akaenda kwao. Jonas Mkude, mtoto wa Simba aliyekaa zaidi ya miaka kumi, alikwenda Yanga 2023. Kiungo wetu Clatous Chama alifuata 2024, na siku ile niliona watu wazima wakikaa kwenye ngazi za maduka wameshika vichwa. Kwa hiyo hatukukosa mazoezi ya maumivu haya.

Lakini hili la sasa limekuwa na uzito wake, na nimekuwa nikijiuliza kwa nini. Chama alikuwa mtu wa kukupa kitu cha kuhadithia. Bao la dakika za mwisho, pasi ambayo hakuna mwingine aliyeiona, unarudi nyumbani unasimulia wiki nzima. Mchezaji wa aina hiyo unampenda ukijua unampenda. Beki wa kushoto si hivyo. Beki wa kushoto unamzoea. Kikosi kikitoka, macho yanapita jina lake bila kusimama, kwa sababu hujawahi kuwaza kwamba huenda halipo. Nani analinda kushoto? Swali hilo sisi hatukuuliza kwa misimu 11.

Alikuja mwaka 2014 kutoka Kagera Sugar. Watu wanaoimba kaulimbiu yetu ya "Nguvu Moja" leo, wengi wao hawajui hali tuliyokuwa nayo wakati ule. Ubingwa wa mwisho tuliupata msimu wa 2011/12, baada ya hapo ukame. Kimataifa tulikuwa tunawatazama wenzetu kwenye runinga. Ilibidi tusubiri mpaka Mei 2017, pale Dodoma, tulipoifunga Mbao FC 2-1 kwenye fainali ya Kombe la FA, ndipo tukapata tena tiketi ya Afrika. Yeye alikuwa amefika kwenye njaa, akala njaa na sisi, halafu akakaa mpaka shibe ikaja: ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2018 hadi 2021. Na neema ilipohamia Jangwani, wakabeba wao mara nne, alikuwa bado yupo. Anayesema huyu hakuwa na mapenzi na Simba aniambie basi mapenzi hupimwa kwa nini.

*

Baba ndiye aliyenipa timu hii. Alikuwa seremala Temeke, na kwenye karakana yake kulikuwa na redio iliyopakwa vumbi la mbao mpaka rangi yake ya kwanza nimeisahau. Mechi nyingi za Simba alizisikiliza kwa redio hata baada ya kununua runinga. Alikuwa na kauli yake juu ya mabeki: "Beki mzuri ni yule ambaye redioni humsikii." Alimaanisha kwamba mtangazaji akimtaja beki kila mara, kuna hatari kila mara. Tshabalala alikuwa anamchanganya kwa hilo, kwa sababu huyu alitajwa sana, ila alitajwa akiwa upande wa wapinzani, anapandisha, anapiga krosi.

Siku moja tu nilimshawishi aende uwanjani na mimi. Ilikuwa Machi 2019, Simba na AS Vita ya Kongo, Uwanja wa Taifa kama ulivyoitwa bado. Tulihitaji ushindi ili tuingie robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Vita wakatangulia kufunga. Uwanja ule wa watu elfu sitini ukinyamaza, unasikia muuza maji akihesabu chenji. Kisha akasawazisha yeye, beki wa kushoto. Baba alikuwa amekaa wakati wote wengine tumesimama, magoti yalishaanza kumsumbua, lakini kwa bao lile alisimama, akanishika bega akaniegemea kwa uzito wake wote, na hakusema kitu. Dakika ya 90 Chama akamalizia, na ndilo bao ambalo kila mtu analikumbuka. Mimi nalikumbuka la kwanza, kwa sababu ya ule uzito begani.

Wiki ileile Baba akaja dukani kwangu na jezi mpya. "Nibandikie Tshabalala." Nilikataa hela yake, akakataa kukataliwa, akaziacha noti chini ya mkasi.

Alifariki mwaka 2022. Tangu hapo nimekuwa nikifanya hesabu moja ambayo sijamwambia mtu. Kila mchezaji akipewa mkono wa kwaheri, nawaza: Baba akirudi leo akae mbele ya redio yake, atamjua nani? Bocco akaenda. Manula akaenda. Mkude, Chama. Majina mapya yanaingia kila msimu, mengine nabandika bila kujua yanatamkwaje. Lakini kushoto palikuwa na mtu anayemjua. Kulia Kapombe, kushoto Tshabalala; angeanza na hao kisha mengine angejifunza. Sasa amebaki Kapombe.

Nadhani hicho ndicho kinachowauma wengi, hata kama kila mtu ana Baba wake wa aina nyingine. Mteja wangu mmoja alimwona mkewe mara ya kwanza kwenye kibanda umiza cha Mbagala, siku ya mechi ya Simba. Mwingine alikuwa darasa la tano Tshabalala anasajiliwa, leo ana leseni ya bajaji. Mtu akikaa mahali pamoja miaka 11, maisha ya watu wengine yanajifunga kwake bila yeye kujua.

*

Nimesikia mengi wiki hizi, na mengine yamenikera.

Wapo wanaomwita msaliti. Siwezi. Mkataba una mwanzo na mwisho, na mguu wa mchezaji una miaka yake. Yule fundi wa bodaboda pale kona akihamia gereji ya pili yenye malipo bora, hatumfuati barabarani kumzomea. Mchezaji wa Kitanzania hana pensheni ya kumsubiri akistaafu. Anachokivuna sasa ndicho kitakachomsomeshea watoto akiwa na miaka 45. Nimewaona wachezaji wa zamani wakiomba nauli kwenye milango ya uwanja waliokuwa wakishangiliwa. Wale waliowashangilia hawakuwepo.

Wapo pia wanaosema, "Mpira ni kazi tu, acheni kulia." Hawa nao siwaungi mkono, na kusema kweli hawa ndio walionikera zaidi. Kama ni kazi tu, mbona jezi haiuzwi kama ovaroli? Mbona hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimbandikie mgongoni jina la mhasibu wa benki yake? Tunaambiwa tuwe na moyo siku ya kununua tiketi, kisha tuuweke pembeni siku ya usajili. Moyo hauna swichi hiyo. Mtu ana haki ya kuumia na asimtukane mtu yeyote. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja kifuani, mimi ninayo yote mawili sasa hivi.

Mwezi Mei 2025 nilikwenda Zanzibar kwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tulikuwa tumefungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, na mechi ya marudiano ikapelekwa Amaan. Mutale alitupatia bao, tukaamini, lakini ikaisha 1-1. Asubuhi yake kwenye boti ya kurudi Dar watu wa jezi nyekundu tulijaa, na hakuna aliyekuwa anaimba. Mzee mmoja karibu yangu alikuwa anamenya chungwa polepole kwa kisu kidogo, ganda likishuka refu bila kukatika. Akasema, kama anazungumza na bahari, "Huyu mtoto Tshabalala alistahili kulinyanyua lile kombe." Hakusema Simba ilistahili. Alisema huyu mtoto. Wakati ule nililichukulia kuwa neno la kawaida tu. Nalirudia kichwani mara nyingi tangu Agosti.

Na Agosti hiyohiyo, tarehe 2, nilikuwa Uwanja wa Mkapa, uleule wa Taifa, Taifa Stars wanafungua na Burkina Faso michuano ya CHAN, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Jina la Tshabalala lilikuwa kwenye kila mdomo wa usajili. Kipindi cha pili akafunga kwa kichwa, la pili kwetu, mechi ikaisha 2-0. Nilijikuta nimekumbatiana na dada mmoja aliyejifunga leso ya njano na kijani, rangi za Yanga, kichwani. Tuliachiana, tukatazamana. Akasema, "Mtuachie sasa huyu." Nikamjibu, "Mtunzeni." Sikujua kama nilikuwa najibu utani au nakabidhi mtu.

*

Alhamisi aliingia mzee mwingine, kanzu na koti, mkongojo wa mti mweusi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwanza akapumua. Kisha akatoa jezi mpya ya Simba, ya msimu huu, bado ina harufu ya plastiki.

"Binti yangu, niandikie Tshabalala."

Nikadhani hajasikia. Nikamwambia taratibu, "Mzee wangu, Tshabalala ameondoka. Yuko Yanga."

"Najua," akasema. "Mimi siandiki ya kesho."

Nikakata herufi. A zilikuwa zimebaki tatu tu kwenye karatasi, kwa sababu tangu mambo yaanze nilikuwa sikati nyingine. Nikamwomba asubiri, nikakata ya nne kutoka kwenye kipande kilichosalia. Nilipima katikati ya mgongo kwa rula, nikazipanga zote kumi, nikafunika kwa karatasi ya kuokea, nikashusha mashine, nikahesabu. Mzee alitaka kuigusa ikiwa bado ya moto, nikamzuia.

Usiku nilifungua sanduku la Baba. Jezi yake ya 2019 iko chini, imekunjwa na mama yangu kwa mkunjo wake ule wa shuka. A ya pili ilikuwa imeinuka pembeni, upande mmoja umejikunja kama jani kavu. Jumatatu nitakwenda nayo dukani mapema, kabla wateja hawajaanza kuja.