Chupa namba 7

Jua halikuwa limezama kwa wiki kadhaa. Ilikuwa Julai, nyuzi 79 Kaskazini, katika Mlango wa Fram, kati ya Svalbard na Greenland. Mashariki ya mlango huo maji ya Atlantiki hupanda kaskazini. Magharibi maji ya Aktiki hushuka kusini na barafu zake. Tulikuwa tukichota maji na kuyachuja ili kujua, kwa DNA, vijidudu gani wanaishi ndani yake. Vituo vyetu viwili vya kuchotea maji vilitengana kwa kilomita zipatazo 250.

Kituo cha mashariki kilisoma nyuzi 6 za Selsiasi, na gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji. Kichujio chenye matundu ya maikromita 0.22 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kiliziba kabla lita moja haijapita. Mwani uitwao Phaeocystis hujenga makundi yenye utelezi kama mlenda, na utelezi huo ndio unaoziba. Hapo mkono huwasha kuongeza kasi ya pampu. Ukiongeza, seli hupasuka, DNA yake hupenya kichujio, na sampuli inabaki na wale wenye ngozi ngumu tu. Tulitanguliza kichujio cha maikromita 3, tukaandika ujazo uliopita kweli badala ya ule tuliokusudia, na kila kichujio kikapewa nusu saa, si zaidi, kwa sababu vijidudu vikikaa chupani jamii yao huanza kubadilika. Kisha moja kwa moja kwenye naitrojeni ya kimiminika, inayogandisha papo hapo.

Chini ya darubini, kwa mwanga wa buluu, Synechococcus, bakteria wadogo wanaoishi kwa mwanga kama mimea, waling'aa rangi ya machungwa bila kutiwa dawa yoyote. Hao ni abiria wa Atlantiki. Magharibi, kwenye nyuzi -1.5 na chumvi ya gramu 32, karibu hawakuonekana. Zilijaa nukta nyekundu za Micromonas, mwani wa maikromita 2 hivi. Ndiyo maana sikubali bahari za ncha ya dunia zisemwe kana kwamba ni maji mamoja ya baridi. Uliza kwanza maji yametoka wapi.

Na hapo hapo magharibi, ukishuka, joto hupanda. Mita 200 chini sensa ilionyesha nyuzi 2 na chumvi ya gramu 34.9: maji ya Atlantiki yaliyogeuka njiani na kupita chini ya yale ya Aktiki. Ni ya moto zaidi lakini yana chumvi zaidi, kwa hiyo ni mazito. Sampuli hiyo ndiyo tuliyoifuata.

Fremu ya chupa 24 za kuchotea maji kwenye kina ilipotua sitahani, tulijaribu kila chupa kama ilivyo desturi: skrubu ya hewa ya juu ikiwa imefungwa, fungua koki ya chini. Chupa nzima hutoa matone machache, kisha hukata. Namba 7, ile ya mita 200, ilimwaga. Skrubu yake haikukazwa kabla ya kushushwa, kwa hiyo njiani kupanda maji ya juu yaliingia. Tulipima chumvi: gramu 33.1. Tungeyachuja yale, tungeandika kwamba Micromonas wamejaa mita 200, na hakuna kompyuta ambayo baadaye ingeweza kuona kosa hilo.

Tuliyamwaga. Nahodha alikuwa akitazama bamba la barafu likisogea kuelekea waya wa winchi, akatupa nafasi ya kushusha mara moja tu. Skrubu zote 24 zilikaguliwa kwa mkono, bila glavu nene, kwa kuwa ndani ya glavu nene vidole havihisi uzi wa skrubu.

Safari hii namba 7 ilitoa matone mawili. Chumvi, gramu 34.9. Lita nne zilipita bila kuziba, na kichujio kilitoka karibu cheupe kama kilivyoingia, tofauti kabisa na kile cha kahawia cha mashariki. Lakini ndani ya weupe ule walikuwamo akea, vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria lakini si bakteria, wanaoishi kwa kuoksidisha amonia (kuiunganisha na oksijeni), ambao kiangazi, kwenye maji ya juu yenye mwanga, huwa adimu.