Madaraja ya mbao yenye paa: nilipofikia

Kwa mnaofuatilia mradi huu: nazunguka majimbo ya New Hampshire na Vermont, Marekani, nikichora viungo vya madaraja ya zamani ya mbao, yale yaliyojengewa kuta na kuezekwa kama nyumba. Kurasa za Cornish, mji wa New Hampshire, sasa zimekamilika.

Tulitoka Manchester alfajiri, mimi na mdogo wangu, hadi tukaishika barabara ya 12A inayofuata mto Connecticut. Oktoba milima yote ya huku huwa myekundu na ya dhahabu kwa majani ya miti. Ukipata nafasi njoo uone, maana picha hazitoshi.

Tulianza na madaraja madogo ya James Tasker, fundi wa Cornish yenyewe: Blow-Me-Down la 1877, Blacksmith Shop la 1881 na Dingleton Hill la 1882. Ni nguzo za wima na mihimili ya mshazari inayoegemeana kuelekea katikati. Fundi aliyewahi kupandisha kenchi za nyumba Mwanza angeyaelewa kwa kuyatazama tu.

Kisha likaja lenyewe, Cornish–Windsor. Tasker na Bela Fletcher walilijenga 1866, baada ya mto kuchukua madaraja 3 yaliyotangulia mahali hapo. Lina urefu wa mita 137 hivi, na kati ya kingo mbili limeegemea nguzo moja tu ya mawe. Mlangoni kuna kibao kinachowaamuru wapanda farasi wapite mwendo wa taratibu au walipe faini ya dola 2. Wavukaji walitozwa ushuru hapa hadi 1943. Mpaka wa majimbo uko upande wa pili, kwenye ukingo wa Vermont, kwa hiyo karibu daraja zima ni mali ya New Hampshire.

Mdogo wangu akaniuliza, “Kaka, sasa paa la nini? Watu wa baridi hii wanaogopa mvua?”

Hilo ndilo swali ambalo mradi wangu wote unalizunguka. Paa halikuwekwa kwa ajili ya msafiri. Zamani, majira ya baridi, watu walibeba theluji kwa koleo wakaimwaga ndani ya daraja ili sleji, yaani magari yasiyo na magurudumu ya kuburutwa juu ya theluji, zipate pa kuteleza! Kinachokingwa ni mbao za ubavuni, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba mzigo. Zikiachwa wazi, maji huingia kwenye viungo na uozo huanzia humo. Daraja lisilofunikwa lilikuwa na miaka kumi au ishirini ya kuishi. Hili la Cornish lina zaidi ya 150, na magari bado yanapita.

Muda mwingi niliutumia ukutani, tochi mkononi. Msanifu majengo wa Marekani, Ithiel Town, alisajili mtindo wa kuta hizi mwaka 1820: mbao za mshazari zinazopishana kama wavu, zikishikwa kwa vigingi vya mbao kwenye makutano. Uzuri wake ni kwamba mbao za kawaida kutoka kiwanda cha kupasua magogo zilitosha, na seremala wa kijijini aliweza kazi. Lakini Tasker na Fletcher walitumia boriti nene badala ya mbao bapa, na kwenye makutano boriti zimekatwa pengo ili zikae moja ndani ya nyingine. Nilipitisha kucha kwenye mshono mmoja na haikuingia. Ukitazama vizuri utatofautisha pia boriti za gundi (vipande vya mbao vilivyobandikwa pamoja) zilizoingizwa kwenye matengenezo makubwa yaliyokamilika 1989, kwa kuwa rangi yake ni nyepesi. Nimezichora kwa penseli ya rangi nyingine.

Taftsville, Vermont, tulifika jua likielekea kuzama. Daraja hilo jekundu la 1836 liliumizwa na mafuriko ya kimbunga Irene Agosti 2011, likafungwa, likafunguliwa tena 2013. Nilipata michoro ya haraka tu, nitarudi.

Kinachofuata ni Haverhill–Bath la 1829, kongwe kuliko yote New Hampshire. Nalo ni wavu wa Town, ila la mbao bapa na vigingi, kwa hiyo nitaweza kuliweka ukurasa mmoja na la Cornish na kulinganisha kiungo kwa kiungo. Limefungwa kwa magari tangu 1999, basi nitakaa sakafuni na daftari bila kumpisha mtu.